Pale Mpaka Ulipopinda

Siku hizi, kabla sijafungua friji ya mteja, nainamisha kichwa kidogo. Sifumbi macho, maana mteja akimwona fundi amefumba macho mbele ya friji yake atadhani imeshakufa na anaombewa marehemu. Nainamisha tu, nasema neno moja au mawili ya shukrani, halafu nachukua bisibisi. Rafiki yangu seremala, ambaye tunagawana naye baraza moja pale Majengo, Moshi mjini, yeye upande wa kulia na vitanda vyake na mimi upande wa kushoto na makompresa yangu, aliponiona mara ya kwanza aliacha kupiga randa.

"Leo jua limechomoza magharibi, upande wa Arusha," alisema.

Nilimwambia aendelee na kazi yake.

Ana haki ya kunitania. Kwa zaidi ya miaka ishirini amenisikia nikisema kwamba mimi ni mtu wa mita, na kwamba kitu kisichoonekana kwenye mita hakipo. Yeye huenda msikitini, anarudi, ananikuta nimekaa pale pale na waya zangu. Nilibatizwa, nikapata kipaimara, halafu nikaacha kwenda kanisani, na wala si kwa kugombana na mtu. Niliacha kama mtu anavyoacha kuvaa kofia fulani, bila kukumbuka siku aliyoivaa mara ya mwisho. Kila Jumapili nilimpeleka mama yangu mpaka kwenye geti la kanisa, namwacha, nami nakwenda kunywa chai ya maziwa kwa chapati kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara mpaka ibada iishe.

"Mungu atakuja kukuchukua hapo hapo kwenye chapati zako," mama aliniambia zaidi ya mara moja.

Hakunichukua kwenye chapati. Alinichukua shambani, nikiwa na jembe mkononi na hasira kifuani, na katika hasira ile nilikuwa nimekosea kabisa.

Kwetu ni Old Moshi, mlimani. Mimi ni kitindamimba, kwa hiyo kihamba cha baba kiliangukia kwangu: nyumba, migomba, kahawa chini ya migomba, banda la ng'ombe, na mama. Nashuka mjini asubuhi, napanda jioni. Ng'ambo ya mpaka wetu anaishi mama mmoja mjane, umri wake sawa na wa mama yangu, na wote wawili wameshavuka themanini. Si wa ukoo wetu. Nimemwita Mama tangu nilipojua kusema, kama watoto wa kwetu wanavyowaita akina mama wote wa jirani, na sikuwahi kujiuliza zaidi ya hapo.

Mpaka wetu, kama mipaka yote ya mlimani, umepandwa masale. Isale ni mmea wa kawaida tu, shina jembamba na majani marefu ya kijani yanayong'aa, lakini kwetu hauchezewi. Unapandwa mpakani ili watu wasigombane, unapandwa makaburini, na mtu aliyekosa akitaka kuomba msamaha hukata jani lake akalipeleka kwa aliyemkosea. Isale halikataliwi. Hata kama umemchukia mtu mpaka mfupani, akija na isale mkononi utampokea.

Sasa mpaka wetu ulikuwa na kasoro iliyonikera kwa miaka. Unatoka barabarani umenyooka vizuri, unashuka kama uzi, halafu karibu na kinjia kinachounganisha nyumba zetu mbili unapinda. Unaingia upande wetu hatua mbili nzima, unazunguka kidogo, kisha unarudi mahali pake na kuendelea kushuka kama vile hakuna kilichotokea. Hatua mbili mlimani si mchezo. Ndugu wa tumbo moja wamefikishana kwenye baraza la kata kwa nusu ya hatua. Baba alipokuwa hai sikumwuliza, na alipofariki nikaanza kujijibu mwenyewe. Nilimwona yule mama jirani akilini mwangu akisogeza isale moja moja, mwaka hadi mwaka, kwa subira ya konokono, akitumia uzee na upole wa baba. Nilimwambia seremala, "Kile kizee kinatula taratibu." Naandika maneno haya kwa aibu, lakini ndivyo nilivyosema.

Mwaka mmoja, mwezi wa pili, nilibaki peke yangu nyumbani. Mke wangu alikuwa Dodoma kumlea binti yetu aliyejifungua, na mama alikuwa Arusha kwa dada yangu kwa ajili ya matibabu ya macho. Nilikuwa nimepata miche mitatu ya parachichi za kisasa na nilitaka kuipanda kabla masika hayajaanza. Jumamosi moja nikapiga kamba kutoka isale la juu mpaka isale la chini. Kamba ikanyooka. Masale tisa yakabaki nje ya kamba, ndani ya kile nilichokiita shamba langu, na nikayang'oa yote tisa. Nikayatupa nyuma ya banda la ng'ombe, nikalilima lile eneo lote, nikachimba mashimo matatu, nikatia samadi, nikapanda miche yangu, nikasimama kujipongeza. Nilikuwa sijafurahia kazi ya jembe namna ile tangu nikiwa shule.

Mama jirani akatokea kwenye kinjia na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani na mundu mkononi. Akasimama.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

Hakuitikia. Mtu wa nje hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Mzee wa kwetu anaweza kukununia, kukusengenya, hata kukukataza usikanyage kwake, lakini shikamoo yako ataiitikia. Yeye aliangalia udongo mpya, akaangalia miche, akaniangalia mimi.

"Umeyapeleka wapi?" akauliza.

"Mpaka sasa umenyooka, Mama," nikamjibu, na nilitabasamu nikisema hivyo. Tabasamu lile ndilo ninalolijutia kuliko jembe.

Aligeuka akarudi kwake. Kesho yake asubuhi nilikuta kinjia kimezibwa kwa vigogo viwili vya migomba. Kinjia hicho kilikuwa wazi tangu kabla sijazaliwa. Nikajiambia kwamba mwenye hatia ndiye anayenuna, nikashuka mjini kazini.

Mama alirudi baada ya wiki mbili, macho yake yakiwa yametibiwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Alishuka kwenye gari, akapita nyumba bila kuingia, akaenda moja kwa moja uani kuangalia migomba yake. Akaiona kamba yangu, ambayo nilikuwa nimeiacha pale kwa majivuno. Begi likamponyoka mkononi.

"Nani amefanya hivi?"

Nikaanza kumweleza habari za hatua mbili na za haki. Hakuniacha nifike mbali.

"Pale kuna mtoto," alisema. "Mtoto wake amelala pale. Alikuwa mchanga, hakuwekewa msalaba. Aliwekewa isale la kichwani, yale mengine tukamzungushia."

Nilikumbuka mashimo yangu matatu. Nilimwapia mama kwamba sikuona kitu chochote kwenye udongo, na ni kweli sikuona, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo.

"Kata isale uende," mama alisema. "Leo hii. Usimtume mtu."

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, kosa la kijinga ambalo asiye mtu wa kwetu hata hawezi kulifanya. Nilikuwa na haraka na aibu, nikaenda nyuma ya banda, nikachomoa jani kwenye lile lile fungu nililolitupa, nikalipangusa samadi kwenye suruali, nikazunguka kwa barabarani kwa kuwa kinjia kilizibwa. Nilimkuta amekaa kibarazani anachambua maharage. Nikasema shikamoo. Kimya. Nikapiga goti, nikanyoosha jani kwa mikono miwili kama nilivyowahi kumwona baba akifanya.

Alilitazama. Lilikuwa limenyauka, limekunjika katikati.

"Umelikata wapi?"

Nilitaka kudanganya, lakini nikiwa nimepiga goti nikashindwa. "Nyuma ya banda," nikasema.

"Kwenye yale uliyong'oa."

"Ndiyo, Mama."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, cha mtu aliyechoka. "Yaani umekuja kuniomba msamaha kwa isale langu mwenyewe. La mwanangu." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alinyoosha mkono akalipokea, kwa sababu isale halikataliwi, akaliweka juu ya maharage yake.

"Nimekusamehe," alisema. "Kamwambie mama yako hivyo. Ila marahaba yangu itakuja yenyewe, usiisukume. Unajua mimi kila asubuhi nikienda kukata majani nilikuwa nasimama pale, namwambia mwanangu nimeamka? Miaka yote hiyo. Sasa nasimama wapi? Umelima kote."

Alirudisha macho kwenye maharage, na nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kinjia kilifunguliwa siku ya pili. Nikadhani yamekwisha. Lakini Jumapili ile ilikuwa ya Meza ya Bwana, na nilipompeleka mama aliniomba niingie naye kwa sababu ya miguu, asije akajikwaa. Nikaingia. Watu walipopanga mstari kwenda kupiga magoti mbele wapewe mkate na divai, mama alibaki kwenye benchi, kama anavyobaki mtu asiyepatana na mwenzake. Mama yangu, ambaye sijawahi kusikia ameikosa meza hiyo isipokuwa akiwa kitandani! Safu mbili mbele yetu, mama jirani naye alibaki amekaa. Vichwa viwili vyenye vitambaa vyeupe, vimetulia, wenzao wote wamesimama. Nilisikia masikio yangu yakiwaka.

Njiani nilikuja juu. "Si amesema amenisamehe? Sasa wewe unagoma nini?"

"Amekusamehe wewe," mama alisema. "Mimi deni langu kwake liko pale pale, na wewe ndiye deni lenyewe."

Ndipo aliponieleza, tukiwa tumesimama kando ya mfereji kwa sababu miguu ilimgomea. Mwaka niliozaliwa, yeye na jirani yake walikuwa na mimba pamoja. Mwenzake alimtangulia kujifungua kwa wiki tatu. Mimi nilipokuwa na siku chache tu, yule mtoto aliugua ghafla akafariki, wakamzika pembeni mwa kihamba chao, karibu na kinjia. Wiki hiyo hiyo mama yangu alishikwa na homa ya uzazi, akapelekwa hospitali, akalazwa mwezi mzima na zaidi. Mimi nikabaki nyumbani nalia. Maziwa ya ng'ombe nilikuwa nayatapika.

"Baba yako hakumwomba," mama alisema. "Angemwombaje mtu ambaye udongo wa kaburi la mwanawe haujakauka? Alikuja mwenyewe. Alipita pale kwenye kinjia, pembeni ya mtoto wake, akaingia ndani, akakuchukua, akakunyonyesha. Akaja kesho yake, na kesho yake tena, mpaka niliporudi. Maziwa ya yule mtoto ndiyo yaliyokukuza."

Nilimwuliza kuhusu mpaka, ingawa nilishaanza kujua.

"Baba yako alitaka kumshukuru, akakosa cha kumpa. Utampa nini mtu kwa kitu kama hicho? Mpaka ulikuwa unapita karibu mno na kaburi, mtu akipalilia kahawa upande wetu anamkanyaga mtoto. Akang'oa masale yake mwenyewe akayasogeza ndani hatua mbili, ili mtoto apate nafasi. Hakuandika popote. Alisema mpaka ukipinda, kila atakayepita atauliza kwa nini, na ataambiwa. Wewe hukuuliza."

Mtu akinitukana huwa najua cha kufanya. Siku ile sikujua. Nilimshika mama mkono tukapanda taratibu, na nilikuwa nalia kama mtoto, mtu wa zaidi ya miaka hamsini, na waendesha bodaboda wanapita wananisalimu.

Jumatatu nilimsimulia seremala. Nilitegemea atanionea huruma, au atanicheka kwa habari ya isale la samadi. Alicheka kweli, mpaka akashika meza. Halafu akafuta macho na sura yake ikabadilika.

"Sasa wewe umelima kaburi la mtoto wa jirani?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Hapana, ndugu yangu. Kwetu sisi mtu ukishanyonya ziwa la mama, yule ni mama yako, na wanawe ni ndugu zako. Hata kuoana hamruhusiwi. Huyo si mtoto wa jirani. Huyo ni ndugu yako wa kunyonya. Umelima kaburi la kaka yako."

Akarudi kwenye kitanda chake. Mimi nilikaa na kompresa mapajani mpaka adhuhuri bila kuifungua. Ni ajabu kwamba neno la kunieleza mimi ni nani katika kihamba changu mwenyewe nilipewa Majengo, na mtu ambaye hajawahi kufika mlimani kwetu. Kila nikimwona akitandika mkeka wake pembeni ya baraza namshukuru kwa neno lile.

Kuanzia hapo nilianza kutafuta, na nilitafuta kama fundi. Niliing'oa miche ya parachichi nikamgawia mtu mwingine. Nikafukia mashimo. Nikachukua picha yangu ya kipaimara, iliyopigwa kwenye kinjia, ambapo nyuma ya bega langu yanaonekana masale kadhaa, nikajaribu kupima kwa futi kamba: kutoka mlangoni hatua ngapi, kutoka kwenye mgomba hatua ngapi. Mgomba wa kwenye picha ulishakatwa zamani. Mlango ulishahamishwa. Nikapata sehemu nne tofauti, nikazichomekea vijiti. Mama jirani alikuja akavitazama vijiti vyangu vinne.

"Nilikuwa na mtoto mmoja pale," alisema, "wewe umenizalia wanne."

Huo ulikuwa mzaha wake wa kwanza kwangu tangu siku ile, nami niliupokea kama zawadi. Nikasema shikamoo. Akauliza habari za mama yangu, shikamoo akaiacha hewani.

Masika yakaanza, na mambo ya kupima yakaisha kwa sababu udongo ulikuwa tope. Yale masale tisa niliyoyatupa nilikuwa nimeyarudisha kwenye mstari uliopinda, kwa jinsi mama alivyoukumbuka, na mengi yakashika. Lakini hapo nilirudisha mzunguko tu. La kichwani, lililokuwa limesimama juu ya mtoto mwenyewe, lilikuwa mojawapo ya yale tisa, na hatukujua lilikuwa limeota wapi. Nilianza kuamka mapema kabla ya kushuka mjini na kwenda kusimama pale. Mwanzoni nilijiambia naangalia kama mvua haijabomoa ukingo. Mara nyingi mama jirani alipita na mundu wake, akasimama upande wake, mimi upande wangu.

Asubuhi moja alisema, "Mimi sasa naamkia uwanja wote. Yuko humu humu."

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Nilikuwa nimezoea kwamba usipojua hitilafu iko wapi hujajua chochote. Na huyu mama, ambaye mimi ndiye niliyempotezea mahali pake pa kusimama, alikuwa ameamua kuuheshimu udongo wote. Nikaanza kupita pale kwa hatua ndogo. Nikaanza kuvua viatu bila kujua nani kanifundisha.

Asubuhi nyingine nilikuwa pale peke yangu, manyunyu yanaanguka, mlima umefunikwa, na nikafikiria hatua zile za mama mmoja akipita kinjia kwenda kumnyonyesha mtoto asiye wake, akiwa amepita kando ya wake. Nikasema, kwa sauti, "Asante."

Nikashtuka. Nilikuwa namwambia nani? Mama jirani alikuwa hajafika. Baba yuko kaburini. Mtoto hakujua alichonipa. Nilisimama pale kwenye tope nikiitafuta ile asante ilikokwenda, jinsi ninavyotafuta mahali gesi inapovujia, na sikuona mahali ilipogota. Asante haisemwi kwa hewa. Ina mtu wake. Na mimi, mtu wa mita, nilijua kwa uhakika ambao sijawahi kuupata kwenye mita yoyote kwamba ile imepokelewa. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Nilisikia ng'ombe akidai majani. Lakini nilirudi ndani nikiwa mtu mwingine kidogo, na mama aliniangalia usoni akaniongezea uji bila kuuliza.

Tangu siku hiyo nasali, kama kusali ni hivyo. Sijui maneno mengi. Nyingi ya sala zangu ni ile ile moja.

Ilikuwa karibu na mwisho wa masika, mimi nikiwa nimechuchumaa kung'oa magugu kwa mkono, kwa sababu jembe sikulitumia tena pale. Nikaona kitu kimechongoka kama ncha ya penseli, kijani kibichi, kinatoka kwenye udongo mtupu. Nikakifukua pembeni kwa kidole, polepole. Chini yake kulikuwa na kipande cha shina cheusi, kinene kama kidole gumba, nilichokikata kwa jembe siku ile bila kujua. Nilikuwa nimeondoa sehemu ya juu ya isale la kichwani, lakini kisiki chake kilibaki ndani. Kilikuwa ndani ya mzunguko, mbali na vijiti vyangu vyote vinne. Kutoka ukingo wa shimo langu la parachichi hadi pale, nilipima kwa mkono: shubiri moja.

Sikupiga kelele. Nilienda kwa mama jirani kwa kinjia, miguu peku, nikamwambia, "Mama, njoo." Aliacha chungu jikoni. Mama yangu naye alituona, akaja ameshika ukuta, kisha ameshika mgomba, kisha ameshika bega langu.

Mama jirani aliinama mpaka karibu uso wake uguse udongo. Akaligusa lile chipukizi kwa kidole kimoja. Halafu akamwita mwanawe kwa jina lake. Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo katika maisha yangu yote, na sitaliandika hapa, ni lake. Akamwambia kwa Kichagga kwamba ameamka, kwamba mvua imekuwa nzuri, kwamba ng'ombe ana mimba. Habari za kawaida kabisa. Mama yangu alikuwa analia bila sauti, kitambaa mdomoni.

"Jumapili tunakwenda mezani," mama alisema alipoweza kusema.

"Tutakwenda," mwenzake akajibu. "Na huyu aingie, aache chapati za watu."

Kisha akageuka kwangu, bado ameinama, mkono wake umelizunguka lile chipukizi kama mtu anayekinga moto wa kibiriti.

"Wewe umesimama tu," alisema. "Mwamkie. Ni mkubwa wako huyu, alikutangulia wiki tatu."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama mama, mama akaashiria kwa kichwa kwamba nifanye. Nikapiga magoti kwenye tope, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya kitu kisichozidi urefu wa kidole changu.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye majani ya migomba. Halafu yule mama, aliyeniacha na shikamoo zangu masika mazima, akaweka mkono wake wenye udongo juu ya kichwa changu na kuitikia kwa niaba ya mwanawe.

"Marahaba."